Kubatizwa Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na Kuyaishi Maagano Nyumbani

Mama yangu ana shamba la chai Tukuyu. Majani yale ndiyo yaliyonilipia ada tangu darasa la kwanza, na chai ndicho kitu cha kwanza nilichomwambia kwamba sinywi tena. Nilimwambia vibaya. Nilingoja mpaka amekwisha kumimina, kikombe kiko mbele yangu kinafuka mvuke, ndipo nikasema, "Mama, mimi siku hizi situmii." Hakuuliza sababu. Alikichukua kikombe, akakirudisha jikoni, na jioni ile nzima hakukaa nami sebuleni.

Naanza na kikombe hicho kwa sababu karibu kila anayeniuliza namna ya kujiunga na Kanisa hili huuliza habari za ubatizo. Ubatizo ni dakika chache ndani ya maji. Kazi kubwa ni kuandaa nyumba yako kabla ya siku ile, na kuyaishi maagano, yaani ahadi unazompa Mungu, ndani ya nyumba hiyohiyo baada yake. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako ni usikimbilie tarehe.

Jina kwanza. Watu hutuita Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni, lakini mwaka 2018 aliyekuwa Rais wa Kanisa, Russell M. Nelson, aliomba litumike jina kamili: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ni refu, ila lizoee, litakusaidia mtu akikuuliza kama unamwabudu Mormoni. Mormoni, kwa imani yetu, ni nabii wa kale wa bara la Amerika aliyekusanya kumbukumbu za watu wake. Joseph Smith alikichapisha kitabu hicho Palmyra, New York, mwaka 1830, na Kanisa likaundwa Aprili 6 mwaka huohuo.

Soma na kuuliza kabla ya kuahidi chochote

Pakua programu ya Maktaba ya Injili kwenye simu. Ni bure, ina Kiswahili, na ukishahifadhi vitabu ndani yake huhitaji bando kuvisoma. Ukipenda kitabu cha karatasi, waombe wamisionari, hawauzi.

Watu wengi huanza ukurasa wa kwanza wakachoka wakifika kwenye nukuu ndefu za Isaya. Mimi humshauri mgeni aanze na 3 Nefi 11, Kristo mfufuka anapowatokea watu na kuwaacha wamguse mmoja mmoja. Kisha asome Alma 32, imani inapofananishwa na mbegu. Aliyewahi kupanda kitu hahitaji kufafanuliwa sura hiyo. Halafu arudi mwanzo wa kitabu. Mwishoni, Moroni 10, msomaji anaalikwa amwulize Mungu mwenyewe, kwa moyo wa kweli, kama mambo haya ni ya kweli. Hapo ndipo kila kitu kinaposimama. Ukiruka sala hiyo, utakuwa umejiunga na watu wazuri tu, na watu wazuri wapo hata ulikotoka.

Maswali magumu yaulize mapema, usiyafiche ukidhani ni utovu wa adabu. Wake wengi? Waumini wa mwanzo walioa wake wengi, na Rais Wilford Woodruff alitangaza mwisho wa jambo hilo mwaka 1890. Leo anayeoa mke wa pili hutengwa, na aliye katika ndoa ya mitala hawezi kubatizwa akiwa humo. Sisi Waafrika? Kwa zaidi ya miaka mia moja wanaume weusi walizuiwa kupewa ukuhani, yaani mamlaka ya kutenda kwa jina la Mungu, ingawa Elijah Abel, mtu mweusi, alikuwa ametawazwa mwaka 1836. Zuio liliondolewa Juni 1978, na baadaye Kanisa likazikana kwa maandishi zile nadharia za zamani zilizolitetea. Mimi jambo hili liliniuma na bado linaniuma. Niliomba juu yake miezi kadhaa kabla ya kuamua. Nakuambia sasa ili usije ukalisikia kijiweni mwaka mmoja baada ya kubatizwa ukadhani ulidanganywa.

Lingine ni la kujiuliza wewe mwenyewe. Kanisa lina makao makuu Salt Lake City, Marekani, na mtaani huwa hakukosi mtu wa kukwambia kuna ufadhili, safari, au fedha. Kanisa halimlipi mtu kwa kujiunga. Hata askofu wetu, yaani kiongozi wa kusanyiko, hana mshahara, ana kazi yake kama wewe. Kama kuna tumaini la namna hiyo limejificha moyoni, lishughulikie kwanza, maana litakuvunja.

Wamisionari na Jumapili za kwanza

Ukitaka kufundishwa, omba kupitia tovuti ya Kanisa, au nenda Jumapili kwenye nyumba ya ibada iliyo karibu ukajitambulishe mlangoni. Watakuja wawili wawili, wana vibao vya majina vifuani. Vijana wa kiume hutumikia miezi 24, dada miezi 18, na hawalipwi. Usishangae kijana wa miaka 19 kuitwa Mzee. Ni cheo cha ukuhani, na baada ya wiki mbili utalitamka bila kufikiri. Kama wewe ni dada unayeishi peke yako, mwalike shangazi au jirani wa kike akae nawe wakati wa somo, kwa sababu wazee hawaruhusiwi kukaa na mwanamke peke yake. Kwa dada wamisionari na mwanamume ni vivyo hivyo.

Ibada yenyewe itakushangaza kwa utulivu wake. Hakuna ngoma, hakuna kupaza sauti, hakuna kapu la sadaka linalopitishwa. Mimi nililelewa Moraviani, kwenye kwaya inayotikisa mabati, na Jumapili ya kwanza nilidhani kuna msiba. Nyimbo huimbwa polepole kwa kinanda, waumini wa kawaida hupanda mimbarini kutoa hotuba, na vijana hupitisha sakramenti: mkate wa kawaida uliomegwa na maji katika vikombe vidogo. Sala za sakramenti husomwa neno kwa neno, akikosea kijana huanza upya. Ukae uusikilize ukimya ule. Mimi ulinichukua wiki nne kuuelewa, na sasa ndicho ninachokikosa nikiwa safarini.

Ibada nzima ni muda wa saa mbili, sakramenti kisha madarasa. Jifunze maneno mapema: kusanyiko dogo ni tawi, kubwa ni kata (diwani hahusiki), na kata kadhaa hufanya kigingi, neno lililotoka kwenye vigingi vya hema katika Isaya 54.

Kuweka nyumba sawa

Kabla ya ubatizo utahojiwa na kiongozi wa wamisionari ambaye siye aliyekufundisha. Atakuuliza kama unamwamini Mungu na Yesu Kristo, kama unaamini injili ilirejeshwa kupitia Joseph Smith na kwamba yupo nabii leo, kama umetubu, na kama uko tayari kuishi usafi wa kimwili (hakuna ngono nje ya ndoa), Neno la Hekima (kanuni ya vinywaji na afya nitakayoieleza chini), zaka na Sabato. Ataulizia pia makosa makubwa ya jinai na utoaji mimba. Ukiwa na jambo la namna hiyo hufukuzwi, utakutanishwa na rais wa misheni, anayewasimamia wamisionari wa eneo lenu. Anayetumikia kifungo cha nje husubiri mpaka kiishe. Sema kweli yote. Mahojiano ni ya faragha.

Kwa watu wetu, linalochelewesha wengi ni ndoa. Kama mnaishi kinyumba, sogea tukae, hutabatizwa mpaka mfunge ndoa halali au mtengane. Najua Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania huwadhania wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2, ila usiegemee hapo, nenda ukachukue cheti. Ndoa ya bomani inatosha. Mnapeleka taarifa kwa mkuu wa wilaya, mnangoja siku 21, mnakwenda na mashahidi. Haihitaji ukumbi wala keki. Kinachohitaji muda ni wazee: kama mahari haijaisha, mtume mshenga akaeleze mapema kwamba mnataka kuhalalisha, na kwamba deni la mahari liko palepale. Nimewaona wenzangu wawili walioruka hatua hiyo, na wakwe wakachukua kama wameibiwa binti mara ya pili.

Kama una mke au mume asiyetaka kujiunga, hutabatizwa bila ridhaa yake. Mtoto chini ya umri wa utu uzima anahitaji ridhaa ya wazazi. Kanuni hizi zinalinda nyumba, usizitafutie njia ya panya.

Ubatizo wa zamani, wa utotoni au wa mtoni, hauhesabiki hapa. Sababu ni imani yetu kuhusu mamlaka ya ukuhani, wala si dharau kwa kanisa lililokulea. Usiende kuwadharau Wamoraviani, Wakatoliki au Walutheri waliokufundisha kusali.

Chai, pombe na vikao vya watu

Neno la Hekima ni ufunuo wa mwaka 1833, sura ya 89 ya Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko yetu. Pombe hapana, tumbaku hapana, kahawa hapana, chai ya majani ya mti wa chai hapana, iwe ya rangi, ya maziwa au ya kijani, ya moto au ya baridi. Dawa za kulevya pia, na kwa kipimo hicho bangi na mirungi haziulizwi. Komoni, ulanzi na mbege ni pombe hata zikiwa za asili. Mchaichai, tangawizi, rozela, kakao, na maji ya limau vinaruhusiwa.

Pombe watu huiacha kwa kishindo na marafiki wakaelewa. Chai ni ngumu zaidi kwa sababu ni salamu. Fundi anapewa chai, mgeni anapewa chai, kwenye msiba birika halitoki mekoni. Ukikataa ghafla, mwenyeji anasikia umemkataa yeye. Nilichojifunza baada ya kumuumiza mama ni hiki: sema kabla ya maji kuchemka, na katika sentensi hiyohiyo omba kitu kingine. "Mama, leo nichemshie mchaichai wako wa pale uani." Safari iliyofuata nilisema hivyo tangu mlangoni. Akatoka mwenyewe na kisu, akakata shada, akalifunga fundo kama anavyofunga mboga, akalitumbukiza sufuriani na tangawizi aliyoiponda kwa kitako cha kisu. Tukanywa wote wawili. Ndipo akaniuliza habari za Kanisa kwa mara ya kwanza.

Kwa msibani, nenda na chupa yako ya maji au uombe uji. Kwa harusi, mwambie anayegawa vinywaji mapema. Kwa ofisini, leta vifurushi vya tangawizi na uvigawe. Kama ulikuwa mnywaji wa vikombe sita kwa siku, kichwa kitauma siku chache za mwanzo, kunywa maji mengi na uanze kuacha majuma mawili kabla ya mahojiano, usingoje usiku wa kuamkia ubatizo. Mwenye uraibu wa pombe au sigara amwambie askofu waziwazi, na hospitali aende. Baraka za ukuhani na dawa hazigombani.

Siku yenyewe

Jina kwenye fomu liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Likikosewa hapo litakusumbua hadi hekaluni, nyumba ya ibada za juu zaidi, tofauti na kanisa la kila Jumapili. Nguo nyeupe utaazimwa. Njoo na taulo, nguo za ndani za kubadili, na mfuko wa nguo zilizolowa. Dada mwenye rasta ndefu azifunge vizuri, kwani lazima mwili wote uzame, na mashahidi wawili wamesimama pembeni wakitazama. Kidole cha mguu kikibaki juu, au pindo la nguo likielea, inarudiwa. Mimi goti lilitokeza. Nilirudia.

Anayebatiza atakushika kifundo cha mkono wa kulia, nawe utamshika mkono wake kwa kushoto. Atainua mkono, atataja jina lako kamili na sala fupi. Ikiisha, ziba pua, kunja magoti kidogo, na mwachie uzito wako. Anayejikaza ndiye anayebaki juu.

Uthibitisho kwa kawaida huja Jumapili inayofuata katika mkutano wa sakramenti, unapowekewa mikono kichwani na kupewa kipawa cha Roho Mtakatifu. Bila huo hujakamilika, kwa hiyo usisafiri wiki hiyo.

Baada ya hapo

Watu hutegemea kwamba moyo utaendelea kuwaka kama siku ya ubatizo. Jumatatu utaamka na daladala zilezile, deni lilelile. Ndiyo maana nakuomba ujenge mazoea madogo. Piga magoti asubuhi kabla ya kushika simu, sema na Baba wa Mbinguni kwa Kiswahili chako cha kawaida au kwa kilugha cha nyumbani, funga kwa jina la Yesu Kristo. Soma mistari michache ya Kitabu cha Mormoni kila siku, hata mitano. Jioni moja kwa wiki, wengi hutumia Jumatatu, keti na walio nyumbani kwa jioni ya familia: wimbo, somo fupi kutoka Njoo, Unifuate (kitabu cha Kanisa cha kujifunzia nyumbani), mchezo, kitu cha kutafuna. Ukiishi peke yako geto, waalike vijana wa kata.

Jumapili inaandaliwa Jumamosi. Nguo zipigwe pasi, mkaa na mboga vinunuliwe, nauli iwekwe kando. Muuguzi, mlinzi na wengine ambao kazi yao haina Jumapili hawahukumiwi, ila waongee na msimamizi kuhusu zamu, na wamwarifu askofu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya mfungo: milo miwili bila chakula wala maji, kisha unatoa matoleo ya mfungo, angalau thamani ya milo hiyo, kwa ajili ya wahitaji. Mjamzito, mgonjwa na mwenye kisukari wasijilazimishe. Siku hiyo waumini husimama kutoa ushuhuda. Simama hata kama una sentensi tatu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye huna chakula, mwambie askofu, matoleo yale ni kwa ajili hiyo.

Zaka ni sehemu ya kumi ya pato, na hesabu ni kati yako na Bwana, hakuna atakayekagua vitabu vyako. Chukua dereva wa bodaboda anayeingiza 25,000 kwa siku: akitoa mafuta 8,000 na hesabu ya bosi 10,000, mimi ningeitazama ile 7,000 iliyobaki, na 700 ningeitenga jioni ileile kabla haijachanganyika na ya vocha. Fomu na bahasha zipo kanisani, unamkabidhi askofu au mshauri wake. Mwisho wa mwaka mnakaa naye kutamka kama umelipa kamili.

Utapewa wito pia: kufundisha watoto, kuongoza nyimbo, kutembelea familia fulani. Ukubali hata ukijiona hufai. Mimi wito wa kufundisha watoto ndio ulionifanya nielewe nilibatizwa kwa ajili ya nini. Na kama wiki tatu zimepita hakuna aliyekupigia simu, usinune nyumbani. Piga wewe. Waumini nao wana shida zao.

Barabara ya hekaluni

Mwanamume anayestahili hupewa Ukuhani wa Haruni, ule mdogo, muda mfupi baada ya uthibitisho, na wa Melkizedeki, ule mkubwa, baadaye. Ndani ya wiki chache muumini mpya anaweza pia kuhojiwa apate kibali cha kwenda hekaluni kubatizwa kwa niaba ya ndugu zake waliokufa. Endaumenti, ibada ya hekaluni ya kufundishwa na kufanya maagano zaidi na Mungu, ambayo baada yake huvaliwa vazi takatifu la ndani, na kuunganishwa kwa familia kwa milele hungoja mwaka mmoja kamili.

Zamani watu wetu walikwenda mpaka Johannesburg, na wengi walikufa wakiwa bado wanachanga nauli. Mei 18, 2025 Mzee Ulisses Soares, mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa Kanisa, aliliweka wakfu hekalu la Nairobi, na kutoka Dar sasa ni basi la kupitia Arusha na Namanga. Shughulikia pasipoti au hati ya kusafiria miezi kadhaa mapema, hakikisha tarehe ya kibali chako, na weka nafasi hekaluni kabla ya kukata tiketi.

Majina ya ndugu huingizwa FamilySearch, tovuti ya Kanisa ya nasaba, ni bure. Kwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita unahitaji ruhusa ya jamaa wa karibu aliye hai, na kwa vizazi vya kwetu jamaa huyo mara nyingi ni mama au mjomba. Nenda na daftari. Andika jina la ukoo, jina la ubatizo kama lipo, kijiji, na mwaka hata wa kukadiria kwa njaa au vita alivyokumbuka mtu.

Mama hajajiunga, na simsukumi. Ila nilipomwomba ruhusa kwa ajili ya baba yake, alinyamaza kidogo, akaniuliza kama wanaandika na majina ya wanawake. Nikamwambia ndiyo. Akavuta kigoda karibu na meko, akaanza kunitajia, bibi, mama wa bibi, na dada zake wawili waliokufa wadogo ambao sikuwahi kusikia wakitajwa nyumbani kwetu. Tulifika usiku wa manane, na mchaichai ulichemshwa mara mbili.